Kumbukumbu ya pikapu: pedali inayotaka kukanyagwa mara mbili

Imekubali. Pedali ya breki inashika juu kwa kanyago la kwanza, na kilomita 400 baadaye bado iko palepale. Chanzo hakikuwa masta (silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki), hakikuwa upepo (hewa ndani ya mafuta hayo), wala hakikuwa kitu kinachouzwa ndani ya boksi. Kilikuwa ajasta mbili za nyuma (skrubu zinazosogeza shu, yaani viatu vya breki, karibu na dramu) zilizobadilishwa pande: ya kushoto imefungwa kulia, ya kulia imefungwa kushoto.

Gari ni pikapu ya miaka ya 80, diski mbele, dramu nyuma, ekseli ya nyuma ya kipande kimoja. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedali ilikuwa inashuka hadi milimita 45 kutoka sakafuni ndipo ishike. Kanyaga tena haraka, inashika kwenye 85. Subiri nusu dakika, imerudi 45. Haivuti upande, haivuji popote, mafuta ya breki hayapungui kwenye chupa.

Dalili hii ndiyo inayouza masta silinda nyingi kuliko ubovu wa masta zenyewe. Hili gari nalo lilikuwa limeshafungwa masta mpya na kutolewa upepo mara tatu, lita moja na nusu ya mafuta ya breki ya DOT 4 imepita humo, na pedali ni ileile. Wanaochanganya hapa hawasikilizi mguu. Upepo una ulaini wake: unapampu, pedali inapanda kidogo, lakini bado inanesa kama umekanyaga mpira. Masta iliyokufa ndani inazama polepole huku mguu umetulia juu yake. Hapa pedali ilikuwa ngumu, tena ngumu sana, ila ilikuwa ngumu chini. Maana yake mafuta yanafika na hayana hewa, lakini mengi yanamalizikia kusukuma kitu kilicho mbali kabla hakijagusa.

Ili masta itoke kwenye orodha ya washukiwa, paipu zake mbili zilifunguliwa na matundu yakazibwa kwa plagi za M10x1. Plagi zenyewe ni nati za paipu za zamani, kila moja na kipande kifupi cha paipu kilichopondwa mwisho na kuchomelewa kwa shaba. Hakikisha uzi ni huohuo kabla ya kukaza, maana nati ya uzi mwingine inaingia mizunguko miwili kwa kudanganya kisha inaharibu masta. Pedali ikasimama juu kabisa, haikushuka hata kwa kuegemewa. Masta nzima, busta (inayoongezea mguu nguvu) nzima, fimbo ya busta ina urefu sahihi. Kazi ya dakika ishirini, na ingefanywa mwanzo ingeokoa masta moja.

Kisha hozi ya nyuma. Pikapu ya namna hii ina hozi moja tu kati ya chesisi na ekseli, kwa hiyo ukiibana hiyo umefunga nyuma yote. Ibane kwa kibanio chenye midomo ya mviringo. Praizi ya kujifunga yenye meno inakata nyuzi za ndani ya hozi, nje huoni kitu, na baada ya muda hozi inavimba ndani na kugeuka vali: mafuta yanaingia, hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa. Hozi hii ilikuwa ya kutupwa hata hivyo, ndiyo maana ilibanwa. Pedali ikapanda hadi 90 kwa kanyago la kwanza.

Basi ni nyuma. Dramu zikatolewa, na hazikutoka kwa upole. Dramu ya zamani ina ukingo wa ndani ambao shu hazijaugusa, na huo ukingo unanasa. Ingiza bisibisi jembamba kwenye tundu la bamba la nyuma, inua ulimi unaozuia nyota, geuza nyota ya ajasta (gurudumu lake dogo lenye meno) kurudisha shu ndani, halafu kaza bolti mbili za M8 kwenye matundu yenye uzi usoni mwa dramu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Nyundo si jibu. Vumbi usilipulize kwa kompresa, lining za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe, lipanguse, kitambaa kitupwe kikiwa kibichi.

Vernia ikasema hivi: kipenyo cha ndani cha dramu 255.4 (ukomo uliogongwa juu yake ni 256), kipenyo cha shu kutoka lining hadi lining 252.2. Tofauti milimita 3.2, yaani 1.6 kila upande, wakati lengo la kufungia ni tofauti ya 0.6 kwa jumla. Dramu nzima, lining zina milimita 3 na zaidi. Shu zilikuwa tu zimekaa mbali.

Hesabu ndiyo iliyomaliza ubishi, kwa hiyo naiweka yote. Masta ina kipenyo cha ndani cha milimita 22.2, eneo lake ni milimita za mraba 387. Wili silinda (silinda ndogo ndani ya dramu inayosukuma shu) ni 20.6, eneo 333, na pistoni za nyuma ni nne. Kila pistoni ikitoka milimita 1 zaidi, zinakula milimita za ujazo 1,332, na hizo ni milimita 3.4 za mwendo wa masta. Pedali ina uwiano wa 4 kwa 1, kwa hiyo mguu unashuka karibu milimita 14. Lakini shu imeegemea chini na inasukumwa juu: pengo la milimita 1 katikati ya lining ni kama milimita 2 pale pistoni inaposukuma. Milimita 1 ya pengo inakuwa milimita 27 na nusu za pedali! Zidisha kwa 1.6 unapata 44. Rula ilikuwa imesema pedali inapoteza 45. Baada ya hapo hakuna haja ya kumsikiliza anayetaja upepo tena.

Nyota zikageuzwa kwa mkono hadi dramu ikaanza kukwaruza, zikarudishwa meno machache, pedali ikakanyagwa kwa nguvu ili shu zijikalishe katikati, zikarekebishwa tena. Pedali 82. Raha.

Raha ya siku tisa. Ikawa 70, ikawa 60.

Hapa ndipo muda mwingi ulikwenda. Ajasta ya kujirekebisha kwenye breki hizi inaendeshwa na hendibreki: ukivuta, mkono ulio ndani ya dramu unasogea, ulimi unadaka jino la nyota, na ukiachia nyota inazunguka kidogo ikiwa pengo limekua. (Zipo breki zinazojirekebisha gari likifunga breki kwa kurudi nyuma. Hizi si hizo.) Kwa hiyo chochote kinachozuia ule mkono kurudi hadi mwisho wake kinaua ajasta, na vilikuwepo viwili.

Kwanza, waya wa hendibreki ulikuwa umekazwa sana. Shu zikilegea hendibreki nayo inalegea, na mtu anakimbilia nati ya waya kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kufikia. Ukikaza waya, mkono ndani ya dramu unaning'inia nusu njia hata hendibreki ikiwa imeachiwa, safari yake inakuwa fupi, ulimi haufiki jino linalofuata. Hendibreki inashika vizuri, breki ya mguu inazidi kushuka. Waya ulegezwe kabisa kabla ya kugusa shu, na ukazwe mwisho, shu zikishapangwa.

Pili, kile kiwiko cha chuma nyuma ya bamba la kushoto, kinachogeuza mvuto wa waya kuingia kwenye dramu, kilikuwa kimeganda kwa kutu. Mafuta ya kupenya usiku kucha, pini ikagongwa nje, msasa namba 400, grisi, raba mpya ya vumbi. Kikarudi kwa springi yake chenyewe.

Mafuta ya kupenya niliyotumia ni nusu mafuta ya giaboksi otomatiki (ATF) na nusu asetoni, ila yasikaribie raba ya wili silinda. Mafuta yoyote yanayotokana na petroliamu yanavimbisha raba za breki. Ndani ya silinda panaoshwa kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, basi.

Nikafunga nikijua nimemaliza. Wiki moja, pedali 68.

Safari hii dramu zikatoka na nyota zikapakwa alama ya rangi nyeupe kwenye jino la juu kabisa. Kisha mkono wa hendibreki ndani ya dramu ukasukumwa kwa bisibisi, mbele na nyuma, polepole, jicho likiwa kwenye rangi. Kulia: tik. Alama ikashuka jino moja. Tik, jino la pili. Ulimi unadaka, nyota inazunguka, kila kitu kinafanya kazi, na uzi uliokuwa unaonekana kando ya nyota unaingia ndani. Ajasta ilikuwa inafupika! Kushoto vilevile. Mtambo mzima ulikuwa mzima na ulikuwa unazirudisha shu nyuma kwa bidii, jino kwa jino, kila hendibreki ilipovutwa. Kabla kiwiko hakijafunguliwa breki zilishuka polepole. Kulainisha kiwiko kukauharakisha uharibifu.

Ajasta moja ina uzi wa kulia na nyingine ina uzi wa kushoto. Zinalingana urefu, zinalingana nyota, zinaingia pande zote mbili bila kulalamika. Aliyefunga shu za mwisho alifungua pande zote kwa pamoja na kumwaga vyuma kwenye karai moja. Fungua upande mmoja, ufunge, ndipo uende wa pili. Upande ambao haujafunguliwa ndio picha yako. Na kabla ya kurudisha dramu, sukuma ule mkono na uone nyota: lazima ajasta irefuke. Sekunde kumi.

Zikabadilishwa pande, nyuzi zikasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa grisi ya breki ya joto kali, kidogo tu, pamoja na vile vituta sita vya bamba ambako shu zinateleza. Tofauti ikapangwa 0.6. Waya wa hendibreki mwisho.

Kuhusu vifaa: spana ya kawaida ya mdomo wazi kwenye nati za paipu ni kutafuta kuziviringisha kona. Nunua spana ya nati za paipu ya namba 10, ile inayoshika pande tano. Pampu ya mkono ya kunyonya upepo sina imani nayo, inavuta hewa kupitia uzi wa nipeli (skrubu ya kutolea upepo) na unaangalia mapovu yasiyotoka kwenye mfumo hata kidogo. Chupa ya kusukuma kwa presha ya bar 1 juu ya masta ni bora. Ukilazimika kutoa upepo kwa mguu, weka kipande cha mbao chini ya pedali. Masta ya zamani ikipelekwa hadi mwisho, raba zake zinapita kwenye eneo lenye kutu ambalo hazijawahi kulifikia na zinachanika.

Mpango ulikuwa kuendelea na hozi za mbele. Hazijaguswa, kwa sababu chini kule macho yaliangukia vali ya mzigo, inayorekebisha presha ya breki za nyuma kulingana na uzito uliobebwa. Springi za nyuma ziliongezwa chuma kimoja kila upande, bodi ikainuka milimita 40, na fimbo ya vali imening'inia chini. Vali inasoma gari tupu wakati wote na kupunguza presha ya nyuma hata gari likiwa limejaa, kazi yote inabaki kwa diski za mbele. Nati yake haizungushwi kwa kubahatisha bila geji: ukizidisha presha, magurudumu ya nyuma yanaganda kwanza gari likiwa tupu na mkia unakupita. Kilichofanyika ni kuinua kishikio cha fimbo kwenye ekseli kwa milimita 40 zilezile. Vali hiyo ina nipeli yake ya upepo, inafunguliwa baada ya magurudumu, na wengi hawaijui. Vikatoka vipovu vitatu. Pedali haikusogea hata milimita.

Kilomita 400: pedali 82. Kupitia tundu la bamba, kwa tochi, alama nyeupe ya kulia imesogea meno mawili, na safari hii upande wa kurefuka. Ya kushoto meno mawili.