Siku moja maishani mwangu: naimba nyimbo zenye wenyewe, jijini Mbeya

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, baridi ya Mbeya imeshapenya hadi ndani ya blanketi, nami naamka kabla ya jogoo wa jirani kwa sababu yeye na mimi tunagombania ukimya uleule. Kazi yangu ni kuimba kava, yaani kuimba upya nyimbo ambazo watu wamekwisha kuzipenda, nikizipiga kwa gitaa moja, kuzirekodi na kuziweka mtandaoni. Chumba cha kurekodia ndicho chumba cha kulala, hapa Ilomba, si mbali na barabara kuu ambayo malori ya Tunduma na Zambia hupita usiku na mchana. Nimesimamisha godoro la pili ukutani, nimetundika blanketi zito mlangoni, na maiki yangu imefungwa kwenye mguu wa kiti kibovu kwa mpira wa baiskeli. Alfajiri malori huwa machache, mashine ya kusaga ya mtaa wa pili haijawashwa, na bati la nyumba halijaanza kualika kwa joto la jua. Tatizo ni kwamba sauti yangu haiamki mapema kiasi hicho. Inaamka kama saa nne, wakati kelele zote za mtaa zimeshakaa vitini.

Nyuzi za gitaa nazo zina mambo yake. Chuma hujikaza kwenye baridi, kwa hiyo nikizilinganisha saa kumi na moja, chumba kikipata joto kidogo na pumzi zangu zikakijaza, zote zinalegea na kushuka, nami naanza upya. Kufika saa kumi na mbili na nusu ninakuwa nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, nimevuma na midomo imefungwa mpaka koo likapata joto, na nimepata kipande kimoja tu cha kutumainiwa.

Kuanzia saa moja hadi saa tatu ninasikiliza. Watu wengi hawaijui sehemu hii, nao hudhani kwamba kava ni kuwasha wimbo, kufunika sauti ya mwenyewe na kuweka yako. Wimbo wa leo ni wa Bongo Fleva, umeimbwa na mwanamume mwenye sauti ya juu, na una vinanda, ngoma na waitikiaji watatu. Mimi ni mwanamke mwenye sauti nzito na gitaa moja. Nausikiliza mara ishirini au thelathini, kwanza nikifuata besi peke yake, kisha nikiandika kodi (za gitaa, si za nyumba, ingawa hizo nazo zinaninyima usingizi), kisha nikitazama mahali anapovuta pumzi, kwa maana mtu akivuta pumzi katikati ya neno huwa ana sababu. Baada ya hapo naamua nini kibaki. Ngoma naipeleka kwenye kidole gumba, waitikiaji nawageuza kuwa uzi wa pili, na ufunguo, yaani kimo cha sauti ya wimbo mzima, naushusha mpaka maneno yakae kifuani pangu. Ninachouza ni namna nilivyousikia wimbo, na hicho hakikuwamo katika rekodi ya kwanza.

Nimekulia katika familia ya Wamoravian, na baba alipiga tarumbeta kanisani. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na nyimbo nyingi tulizozikuta kwenye vitabu vya kanisa zina tuni zilizotoka Ujerumani, zikatiwa maneno yetu na sauti nne zetu, hadi bibi yangu akaamini kwamba zilizaliwa Tukuyu. Sijawahi kusikia mtu akiwaita wanakwaya wezi. Mimi ninayeandika jina la mtunzi kwenye mstari wa kwanza wa maelezo ya kila video naitwa hivyo walau mara moja kwa juma. Wala sisemi kwamba nyimbo ni za kuokota. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa hesabu hiyo hata tungo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, ambazo vijana huziita zilipendwa kana kwamba hazina mwenyewe, bado zina mwenyewe.

Saa tatu na robo ukaingia ujumbe wa kwanza wa sauti kutoka Iringa, nao ulikuwa na urefu wa dakika nne.

Mteja huyu ni dada wa bibi harusi. Juma lililopita tulikubaliana wimbo mmoja, gitaa moja na sauti yangu, kwa shilingi 80,000, naye akatanguliza 40,000. Video nilimtumia jana jioni. Sasa alianza kwa kunisifu, jambo ambalo katika kazi hii huashiria mvua. “Mdogo wangu, umeimba vizuri sana, Mungu akubariki, ila haifanani.” Nilimwuliza haifanani na nini. Akasema haifanani na wimbo wenyewe: yule kaka huwa anakwaruza sauti pale katikati, mimi sikukwaruza, kule kuna biti, kwangu hakuna, na tena alikuwa amefikiria kwamba ningeondoa jina la msichana anayetajwa katika kiitikio na kuweka ya maharusi.

Nilimjibu kwa kuandika, kwa kirefu na kwa heshima, kwa sababu sauti yangu ningeihitaji baadaye. Nilimweleza kwamba biti ni rekodi ya watu, na kuichukua na kuimba juu yake ni jambo tofauti kabisa na kuupiga wimbo upya kwa mikono yangu. Nilimweleza pia kwamba kuyabadili maneno ni haki ya mtunzi. Hata tungekuwa na ruhusa, jina lililomo kwenye wimbo lina silabi mbili, ilhali la bwana harusi lina tano, na Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilibana jina refu kwenye nafasi fupi, mkazo unaanguka pasipo pake na mtu anaitwa kama anayetukanwa mbele ya wakwe. Nikapendekeza salamu ya kuzungumza kabla ya gitaa kuanza, yenye majina yote mawili. Alinyamaza dakika kumi, kisha simu ikanijulisha kwamba nimeongezwa kwenye kundi la kamati ya harusi.

Kundi lilikuwa na watu zaidi ya arobaini. Mwenyekiti alinikaribisha rasmi, akaomba wajumbe wasikilize video na kutoa maoni kwa nidhamu. Mama mdogo mmoja alisema gitaa linamkumbusha msiba. Mjumbe mwingine alitaka nivae kitenge cha sare, akaweka na bei yake. Mwingine aliuliza kama naweza kuja mwenyewe Jumamosi, na nilipotaja nauli akapotea. Mtu mmoja aliandika “naomba tusitoke nje ya ajenda” mara tatu, ingawa ajenda hakuiandika mtu. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, gitaa mapajani, nikitazama saa nne, ile saa ambayo sauti yangu huwa imeamka, ikipita bure. Kisha saa tano nayo ikaondoka, na mashine ya kusaga ikashika mwendo wake. Mweka hazina ndiye aliyekuja na hoja ambayo bado inanikaa: “Tumlipe elfu themanini kwa wimbo ambao si wake?”

Niliandika jibu refu na kulifuta. Nikaandika lingine, fupi, kwamba fundi anayeshona gauni la bibi harusi naye hakufuma kitambaa. Mwenyekiti akaliwekea alama ya dole gumba, lakini mweka hazina hakujibu, na kwa uzoefu wangu wa kamati, mweka hazina asiyejibu hajashindwa.

Mwishowe ikakubaliwa kwamba nirekodi tena, nipandishe ufunguo kidogo ili wimbo uchangamke na usimkumbushe mama mdogo msiba, na mwanzoni niweke salamu. Hapo ilikuwa karibu na saa saba na jua lilikuwa limewaka juu ya bati, nalo linaalika kama mtu anayevunja vijiti darini. Nilirekodi. Lori likafunga breki. Nikarekodi. Bati likaalika katikati ya jina la bwana harusi, lile refu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hushika simu ya kupigia picha, alikuwa amesimama kwenye kona ameshikilia mkono mmoja kwa mwingine usitetemeke, na nilipofika mara ya kumi na mbili au zaidi sikuwa tena na hakika kama nasikia wimbo au nasikia uchovu wangu mwenyewe, kwa kuwa noti ile ya juu niliyoipandishia ufunguo ilikuwa inatoka kila mara lakini inatoka kama mzigo unaopandishwa ngazi, na wimbo wa mapenzi haupaswi kusikika hivyo. Nilipumzika nikala ugali na maharage yaliyopoa. Kipande nilichokituma kina lori kwa mbali, ukilijua utalisikia.

Baadaye, sijui ilikuwa saa ngapi hasa, tulipanda bajaji hadi Isyesye kupiga picha za wimbo mwingine, kwa kuwa mlima Loleza hupendeza mwanga wa alasiri unapoulalia. Upepo na vumbi vilitufukuza upesi.

Jioni ndipo penye hesabu. YouTube huanza kumgawia mtu mapato ya matangazo akifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, nami nilizivuka mwaka jana baada ya kuhangaika muda mrefu. Hata hivyo wimbo una haki mbili: ya tungo, ambayo ni ya mtunzi na wachapishaji wake, na ya rekodi, ambayo ni ya aliyerekodi. Mtunzi akidai tungo yake kwenye video yangu, sina ubishi, na mara nyingine tunagawana kidogo kilichopo. Fedha ninayokula kwa kweli hutoka kwenye maagizo kama ya Iringa, na Ijumaa usiku huimba katika mgahawa mmoja mtaa wa Forest.

Sasa nikakuta dai jipya kwenye video yangu ya juma lililopita, wimbo wa zamani wa dansi nilioupiga kwa gitaa langu, humuhumu chumbani. Msambazaji mmoja wa muziki hadai tungo. Anadai rekodi. Kwa maneno yake, hiki anachokisikia si mimi, ni rekodi halisi ya mwenyewe, kwa hiyo mapato yote ni yake. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikacheka hadi mdogo wangu akaja kuangalia. Kutwa nzima watu arobaini wamenieleza kwamba sifanani na mwenye wimbo, na usiku huu msambazaji anasema mimi ndiye yeye. Ukiongeza sauti, sekunde ya arobaini na tatu, unamsikia jogoo wa jirani. Nimelitaja hilo kwenye pingamizi langu, kwa lugha rasmi, pamoja na maelezo kwamba tungo naitambua kuwa ya mtunzi wake na rekodi ni yangu. Mdai ana siku 30 za kujibu.

Saa sita usiku bando la usiku likaanza, nami nikaiegesha simu dirishani, mahali pekee mtandao unaposhika, ipandishe video ya Loleza huku nikilala. Kabla sijazima taa fedha ya Iringa ikaingia: shilingi 30,000, si 40,000. Nilifungua kundi la kamati kuuliza. Mwenyekiti alikuwa ameamua kwamba wimbo wangu utapigwa wakati wa kukata keki, na chini yake mweka hazina alikuwa ameweka orodha mpya ya michango. Mimi nilikuwa namba arobaini na nne. Mbele ya jina langu aliandika: 10,000, amemaliza.