Mchana wa Sindano, Usiku wa Ukili: Siku Yangu Moja Wete

Saa 11 alfajiri

Ukindu unataka umande. Nikishasali, kabla jiko halijawashwa, natoka uani kuukusanya ule niliouacha ulale nje. Majani ya mkindu tunayakata yangali machanga, hayajafunguka, tunayaanika siku kadhaa mpaka yawe meupe. Lakini jua lile lile linaloyatia weupe huyafanya yakatike mkononi. Umande wa usiku huyarudishia ulaini. Kwa hivyo saa hii, hewa ingali bichi, ndiyo saa ya kuchana.

Mama yuko kibarazani tayari. Kucha ya dole gumba inapasua jani, chane zinatoka za upana mmoja, moja baada ya nyengine, anazilaza pajani. Taa haijawashwa, wala yeye haihitaji.

Mama alishona kofia za viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, zaidi ya miaka 30. Kazi hiyo aliifanya zaidi usiku, baada ya shamba na jiko, kwa mwanga wa koroboi. Umeme wa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, na nyumba yetu iliunganishwa baadaye, macho yake yakiwa yameshachoka. Sasa hawezi kutia uzi kwenye tundu la sindano. Ukili, ule mkanda wa chane zilizosukwa wa kushonea mikeka, anausuka bila kuutazama.

Nimeanza na yeye kwa sababu siku yangu nzima nimeipanga kwa kuyaangalia macho yake. Sindano nimeipa mwanga, ukili nimeupa giza.

Saa 1 asubuhi

Chai, muhogo wa kuchemsha, watoto wanakwenda skuli. Mume wangu ameshatoka, ni msimu wa karafuu na shamba haliachwi. Nafagia, naosha vyombo, naosha mikono mara mbili kwa sabuni, kwani nguo nyeupe haina siri.

Saa 2 mpaka saa 5

Hizi ndizo saa zangu. Nakaa mlangoni, ubavu wa kushoto ukiwa upande wa mashariki, nafungua kitambaa nilichoifungia kofia.

Ni bafta nyeupe, imeshonwa kwa uzi mweupe. Anayeiona kofia iliyokwisha kufuliwa na kutiwa wanga huona maua. Mimi ninayeishona naona kivuli tu, kivuli chembamba baina ya uzi na nguo, na hicho hukipata jua likiwa bado chini, mwanga ukija kwa ubavu. Jua likipanda juu ya paa, kivuli kinakufa na nguo yote inakuwa weupe mtupu unaochoma macho. Watu hunishangaa kwa nini sishoni adhuhuri, mwanga ukiwa mwingi. Wingi wa mwanga si hoja, hoja ni unatokea upande gani.

Kofia hii ni ya bwana harusi. Mama yake aliniagiza baada ya Idi Kubwa, Mfunguo Tatu, na sasa tumo Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi. Kijana mwenyewe alikuja siku moja tu, nikamzungushia uzi kichwani, juu ya masikio, nikaupiga fundo. Ule uzi ninao ndani ya kibati pamoja na nyuzi za vichwa vyengine, kila mmoja na kipande cha karatasi chenye jina.

Kofia ina sehemu mbili: duara la juu na ukanda wa pembeni. Kila sehemu ni nguo mbili zilizolazwa pamoja, ili iwe na mwili. Duara nalikunja mara mbili, mara nne, mara nane, nikilifungua mikunjo yenyewe imeshanigawia nafasi. Hapo nachora kwa penseli. Nashona mistari ya mchoro kwanza, nguo mbili zishikane zisiteleze. Halafu ndiyo viua.

Kiua ni kitundu. Nakitoboa kwa sindano nene, kwa kuzisukuma nyuzi za nguo pembeni, si kwa kuzikata, kwa sababu nyuzi zilizokatwa zitafumuka siku kofia ikifuliwa. Kisha nakizunguka kwa mishono midogo midogo, kila mshono umelala ubavuni mwa mwenzake, na kila mmoja nauvuta kwa nguvu ile ile. Hapo ndipo pagumu. Ukivuta zaidi, kitundu kinakunjamana. Ukilegeza, kinapwaya, na baada ya mafuo mawili kinakuwa mdomo wazi. Mkono haujui nguvu sawa mpaka uishi na kazi hii miaka. Mimi mama alinikatalia kofia ya mtu mpaka nilipomaliza vitambaa vitatu vya viua vitupu, na vyote akavifumua mbele yangu.

Asubuhi ya jana nilizungusha viua 34 kwa saa tatu. Kofia nzima ina viua vingi mno. Wanaoniuliza kwa nini miezi mitatu, hesabu yake ni hiyo, na ukumbuke kwamba siku ya mawingu haihesabiwi.

Mama kitambaa chochote kizito cha pamba hukiita marekani, hata kikiwa kimetoka kwengine kabisa. Katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Unguja nguo ya pamba isiyotiwa rangi na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata ile biashara, nguo zikaja kutoka Uingereza na Bara Hindi, lakini jina likabaki. Napenda kumsikia akilitamka.

Saa 5 na robo

Simu inalia. Mfanyabiashara wa Unguja, anataka kofia 20 kwa mwezi mmoja, za kuuza maulidini. Nimemwambia sina, na sitakuwa nazo.

Si kiburi. Miaka ya nyuma nilimpa mtu mmoja wa mjini kofia tano. Baadaye jamaa yangu alizikuta dukani zimechanganywa na za mashine, zote zinaitwa kazi ya mkono ya Pemba, kwa bei moja. Kilichoniuma ni kwamba mnunuzi wa kofia ya mashine atakwenda zake akiamini hiyo ndiyo kazi yetu. Pesa zilinipita, lakini hilo ndilo lililobaki.

Basi niseme namna ya kuitambua. Ipindue. Kofia ya mkono kwa ndani inaonyesha njia ya uzi: hapa umevuka kutoka kiua hadi kiua, pale umefungwa fundo dogo. Iinue kwenye mwanga, viua vipitishe mwanga, kila kimoja kiduara chake, na ukivitazama kwa makini havilingani kabisa. Mashine hurudia ua lile lile bila tofauti hata ya unywele, na mara nyingi vitundu vyake ni mapambo yaliyoshonwa juu ya nguo, havikutobolewa.

Saa 6 mchana

Jiko, sala, chakula. Wali na samaki wa nazi. Mama anajinyoosha kidogo.

Saa 8

Jua kali, kwa hivyo cherehani. Naiweka ukumbini, penye kivuli, nakanyaga. Mshono wa cherehani ni mrefu na uzi nauchagua wenye rangi, hauniumizi macho.

Nina doti sita za kanga za kupinda, za harusi hiyo hiyo. Kanga hutoka dukani mbili zimeungana. Unakata katikati, unapinda ncha zote. Kazi ya dakika chache, lakini ukikata upande upande, pindo la kanga moja linakula la mwenzake, na mwenye macho ataliona siku ya shughuli. Mbili kati yake ni kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi. Moja ni ya ubeleko, anapewa mama wa bibi harusi kwa mgongo wake uliombeba mwanawe. Hiyo nilipinda mwanzo, mshono mdogo kuliko inavyohitajika. Hakuna atakayepima, lakini nguo yenye jina kama hilo siwezi kuishona kwa haraka.

Saa 9 na nusu alasiri

Jua limeshuka upande wa pili. Nahamia mlango wa uani, ubavu wa kushoto magharibi safari hii, na kivuli changu kimerudi juu ya nguo.

Binti yangu ametoka chuoni, kusoma Kurani. Ana miaka 14, na sindano yake ni ya kufumia, yenye kulabu. Anafuma kofia ya sufu ya mtoto mchanga, njano na nyeupe, ya jirani anayemaliza arobaini wiki ijayo. Kitoto cha Pemba hakikosi kofia ya sufu hata joto likiwa namna gani. Anakwenda vizuri, anahesabu kwa sauti ya chini.

"Mama, na mimi lini nitaanza viua?"

"Jumamosi asubuhi. Nusu saa."

"Nusu saa tu? Rafiki yangu anashona mpaka usiku."

"Muulize bibi yako habari za usiku."

Akamtazama bibi yake, naye akaendelea kusuka, hakusema neno. Nataka aijue kazi hii kuliko ninavyotaka mambo mengi. Nataka pia akiwa na miaka 60 aweze kusoma msahafu wake. Nusu saa, mchana, basi.

Saa 11 jioni

"Hodi wenyewe!"

Mama wa bwana harusi. Tukaamkiana, nikampa mkeka, akaulizia mgonjwa wa huku na mgonjwa wa kule, na mimi nikajua alichokijia.

"Mwanangu, eti itawahi? Nikah ni Ijumaa ya wiki ijayo."

"Itawahi inshaallah. Imebaki viua vya ukanda na kuunganisha, halafu niifue na kuitia wanga."

"Si una umeme? Usiku ungeongeza viwili vitatu."

Alisema kwa upole, kama mama anayeogopa mwanawe kukaa mbele ya kadhi kichwa kitupu. Kofia ile itavaliwa na kanzu nyeupe na joho, na watu watatazama kichwa kwanza. Nikamwambia nitajitahidi. Akaniombea dua, akaondoka.

Saa 12 na nusu, magharibi

Nikashona kwa taa. Viua vitatu tu, juu ya ukanda, nimejiinamia chini ya balbu. Balbu iko juu ya kichwa kama jua la adhuhuri, haina ubavu. Sikuona kivuli, nilishona kwa kukisia. Nilipomaliza cha tatu, herufi za kalenda ukutani zilikuwa zinacheza. Nikaifunga kofia.

Saa 2 usiku

Baada ya isha, ukili. Tunazima taa ya kibarazani, wadudu wasije, tunakaa watatu: mimi, mama, na jirani yetu aliyekuja na kikapu chake cha chane. Upepo wa usiku una unyevu, jani linakubali kupindwa. Mkono wa kulia unapitisha, wa kushoto unashika, chane ikikaribia kwisha unaingiza nyengine chini yake bila fundo. Hapa ndipo habari zote za mtaa zinapopita: nani amechuma pishi ngapi za karafuu, nani amevunjika mguu mkarafuuni, bei ya mchele.

Ukili wa rangi, uliochemshwa na rangi nyekundu na kijani, ni wa msala wa harusi. Huo tunausuka mchana, maana rangi hazijui giza. Usiku tunasuka wa miaa, mpana na mgumu, wa majamvi. Msimu huu kila nyumba inaanika karafuu, na karafuu inataka jamvi, ipitiwe na hewa, igeuzwe, ikusanywe upesi wingu likitokea. Tumeagizwa majamvi manne. Baadaye tutakata ukili, tuuunganishe mstari kwa mstari kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, lakini kwanza uwepo wa kutosha. Tunaupima kwa pima, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono imenyooshwa. Jana mama alisuka pima tatu, mimi mbili na kitu.

Jirani alipoondoka, mama akasema, "Hebu nipe hiyo kofia."

Nikamletea. Akanawa mikono kwanza, akajifuta kwa kanga, akaishika. Hakuielekeza penye mwanga. Akapitisha dole gumba juu ya duara, taratibu, mviringo hadi mviringo, akitingisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza mtu akisoma. Akahamia ukanda. Akafika mwisho, akarudi nyuma, akasimama.

"Hiki umekizungusha taa imewaka."

Nilipapasa pale pale. Sikuhisi kitu. Nikapapasa tena, nikakipata: mishono miwili imepandana, mmoja umelegea.

"Na hiki cha pili yake," akasema. "Cha tatu kizuri."

Nikachukua uzi mwekundu kwenye kibati, nikavitia alama vile viwili, ili saa 2 asubuhi nivione.