Villa Maria kabla ya Kitovu

Wengi wanadhani Jimbo Katoliki la Masaka, Uganda, lilianzia Kitovu kwa kuwa ndiko liliko kanisa kuu. La hasha. Tafuteni Villa Maria, misheni ya Mapadri Weupe (shirika la wamisionari Wakatoliki) iliyofunguliwa Buddu, kusini mwa Buganda, mwaka 1892, baada ya vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti kuwasukuma Wakatoliki wengi upande huo. Hapo ndipo mapadri wa kwanza Waganda, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipopewa daraja mwaka 1913.

Masaka ikawa vikariati (eneo la kimisheni ambalo bado si jimbo kamili) mwaka 1939 chini ya Askofu Joseph Kiwanuka, kisha jimbo mwaka 1953.

Kwa wanaotafuta huko cheti cha ubatizo cha babu: cheti hufuata kitabu cha ubatizo, si kijiji. Kigango, yaani kanisa dogo chini ya parokia, kikipanda kuwa parokia, kwa kawaida majina ya zamani hubaki parokia mama, na hapo ndipo watu hupotezea nauli bure. Nendeni na jina la ubatizo, majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo, na mwaka hata wa kukisia. Someni pia pembeni ya ukurasa: kipaimara na ndoa huandikwa hapo.