Gari Linalokubali Kusimama

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Nyumbani kwetu tumekata shauri: tutanunua gari. Tumeishi miaka mingi bila gari, tukienda kwa miguu, kwa basi, kwa lifti za ndugu, na katika miaka hiyo yote Mungu hakutuacha njiani. Sasa mama amezeeka, magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi za basi, na miadi yake ya hospitali imekuwa mingi. Sababu tunayo. Hata hivyo nimeona vema kuliweka jambo hili mbele ya Neno kabla ya kutoa fedha.

Andiko lililonijia kwanza ni Zaburi 20:7: "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu." Magari yale yalikuwa ya vita, tena ndiyo yaliyokuwa nguvu ya majeshi ya mataifa. Mfalme wa Israeli alikuwa amekatazwa kujizidishia farasi (Kumbukumbu la Torati 17:16), lakini Sulemani alifikisha magari 1,400 (1 Wafalme 10:26). Gari moja la kumpeleka mama hospitali si magari ya Sulemani, najua. Ninachokiangalia ni moyo. Asiye na gari huanza safari kwa kuomba, kwa sababu hajui basi litapita saa ngapi wala kama litakuwa na nafasi. Siku nitakapokuwa na ufunguo mfukoni, nataka nianze safari kwa kuomba vilevile.

Kuhusu fedha, Bwana Yesu alisema waziwazi: anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Kwa gari, bei ya kununulia ni mwanzo tu. Kuna mafuta, bima, matairi, breki, maegesho, kubadilisha oili kila baada ya mwendo fulani, na thamani inayoshuka hata gari likiwa limesimama. Tuliyaandika yote kwenye karatasi, kando yake tukaandika nauli tunazotumia kwa mwezi. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, tukaipunguza ndoto: litakuwa gari dogo, lililotumika, la fedha tuliyokwisha kuweka akiba. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Simhukumu aliyekopa, wapo ambao gari ndilo linalowaletea riziki, na marejesho yanatoka humo humo. Sisi letu halitaingiza kitu. Tena tutakwenda na fundi kulikagua kabla ya kulipa. Kuomba hakuondoi haja ya fundi.

Lakini nilipokaa zaidi ni Matendo 8. Towashi Mwethiopia, mwenye mamlaka juu ya hazina yote ya malkia wake, anarudi kutoka Yerusalemu, ameketi garini mwake anasoma kitabu cha Isaya. Filipo, mhubiri wa Injili, yuko kwa miguu. Roho anamwambia, "Sogea karibu na gari hili, ukashikamane nalo," naye anakwenda mbio. Mwenye gari ana kitabu mkononi na haelewi anachosoma. Anayekwenda kwa miguu ndiye mwenye neno. Towashi angeweza kupita. Badala yake anamsihi Filipo apande na kuketi pamoja naye. Halafu, walipofika mahali penye maji, anaamuru gari lisimame, anabatizwa, anakwenda zake akifurahi. Gari lile lilimpokea mtu wa njiani, na lilikubali kusimama.

Hapo ndipo ulipo wasiwasi wangu. Mengi ninayoyajua kuhusu ndugu zangu wa kanisani niliyajua tukitembea kurudi nyumbani baada ya ibada. Mmoja alinisimulia ugonjwa wa mkewe, mwingine alinieleza jinsi kazi ilivyokwisha, na mambo hayo hawakuwahi kuyasema ndani ya kanisa. Nikiwa ndani ya gari nitawaona watu wale wale kupitia kioo, nitawapungia mkono, nitakuwa nimeshapita. Hakuna dhambi iliyotendeka hapo, na bado udugu umepungua.

Kwa hiyo tumekubaliana mapema nyumbani, kabla hata gari halijapatikana, viti ni vya nani. Mama ana chake. Viti vya nyuma siku za ibada ni vya wazee wawili wanaokaa njia moja na sisi, na watoto wetu watatembea na wenzao kama walivyozoea. Nami nitatembea nao baadhi ya Jumapili, mke wangu akiendesha. Msamaria wa mfano wa Bwana Yesu (Luka 10) alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, nami naamini yeye alitembea kando. (Na sisi tunaosaidiwa lifti, tuwe tayari mlangoni kabla gari halijafika. Huo nao ni upendo.)

Kisha kuna barabara yenyewe. Nimetembea kando yake miaka mingi, nimerushiwa maji ya madimbwi na magari yasiyopunguza mwendo, nimesubiri kuvuka nikiwa nimebeba mtoto, na dereva anaongeza kasi. Mathayo 7:12 itakaa kwenye usukani wangu: yo yote ninayotaka nitendewe na wenye magari, nami niwatendee waendao kwa miguu. Kwenye dimbwi, nipunguze mwendo. Kwenye kivuko, nisimame.

Juma hili tuwaombee wanaotembea mbali kwa sababu hawana nauli, na madereva wanaokaa usukanini tangu alfajiri. Mwenye mkataba wa mkopo wa gari mezani, asome Luka 14 pamoja na mwenzi wake kabla hajatia sahihi. Nasi mtuombee tupate gari zima, na muuzaji mkweli.