Siku yangu kijiweni: swichi nzima, ethi imekufa

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua sanduku langu hapa Mbagala, Dar es Salaam. Mimi ni fundi umeme wa pikipiki, siyo wa injini, ingawa wateja wengi hawatofautishi. Mpaka saa 4 nimeshafunga balbu mbili za indiketa, fyuzi moja, na kukaza vichwa vya betri.

Ndipo akaja dereva wa bodaboda mwenye swichi mpya ya honi mkononi. Honi haipigi. Ameshabadilisha swichi mbili kwa mafundi wengine, hii ya tatu.

"Fundi, funga hii fasta, nina abiria."

"Kaka, hiyo iache kwenye boksi. Nipe dakika kumi."

Akanuna. Mafundi umeme mnabahatisha tu, akasema, na wenzake wawili wakamuitikia. Hilo neno linaniuma. Sibahatishi, napima.

Honi ya pikipiki yake inapata chanya ufunguo ukishawashwa. Kitufe kazi yake ni kuipa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, kupitia ganda la swichi na chuma cha usukani. Nikagusisha waya wa pili wa honi kwenye hasi ya betri: ikalia. Honi nzima. Nikaweka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi, nyekundu kwenye skrubu ya ganda la swichi, nikambonyezesha kitufe. Volti 12 kasoro, wakati ilitakiwa iwe karibu na 0. Umeme unafika mpaka kwenye ganda, unakosa njia ya kurudi.

"Usukani ulipaka rangi lini?"

"Wiki mbili."

Rangi nyeusi nene, imepita mpaka chini ya swichi, ikazuia umeme kupita kwenda kwenye chuma cha usukani. Nikafungua, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo kisishike kutu. Sikuishia hapo. Nikavuta waya wa ethi kutoka kwenye ganda la swichi mpaka kwenye fremu, nikauacha na ulegevu shingoni, pale usukani unapogeukia, nikazungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Waya ukikazwa pale, shaba inakatikia ndani huku plastiki ya nje ya waya inaonekana nzima.

Akabonyeza. Kijiwe kizima kikageuka.

Tukabishana bei: "Waya huo tu, elfu tano?" Akalipa, akaenda kurudisha swichi dukani.

Chai ya saa 4 niliinywa baridi, sijui saa ngapi. Mgongo umekaza. Giza limeingia na nimeshika tochi ya simu kwa meno, natafuta waya uliokatika shingoni mwa pikipiki nyingine.