Picha ya kichwa ilikuwa safi, ila mimi sikuwa sawa

Mwezi wa nane mwaka jana, bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mchanga maeneo ya Nkuhungu, nikaangukia kisogo. Mpaka leo sikumbuki nani aliniinua. Hospitali nilipigwa picha ya CT, wakasema haina shida, wakanipa dawa ya maumivu na kuniruhusu. Maelezo yakaishia hapo.

Wiki iliyofuata nikarudi kwenye cherehani yangu Majengo. Mama mmoja akaja na kitenge cha sare ya harusi. Nikampima kiuno 32, nikaandika 23, nikakata. Cherehani ya jirani ikilia naona kama inanitoboa utosi, na jua la saa saba silitazami. Nyumbani nikawafokea watoto eti kijiko kimeanguka. Usiku silali. Niliamini kabisa naingia wazimu, na hofu hiyo ikazidi kuninyima usingizi.

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Yule dada alimwita na mume wangu ndani. "Ubongo wako umetikiswa, mama. Picha huonyesha damu iliyovuja au mfupa uliovunjika; mtikisiko wa namna hii mara nyingi hauonekani." Kusahau, hasira, kizunguzungu, vyote akavitaja kabla sijavisema! Nililia pale pale. Akasema wengi hupona ndani ya wiki chache, wengine huchukua miezi mitatu. Kupumzika sana ni siku moja au mbili za mwanzo, baada ya hapo unarudia kazi kidogo kidogo. Kichwa kikizidi kuuma unapunguza, huachi. Pombe hapana, na kichwa kisigongwe tena kabla hakijapona. Yote akaandika kwenye karatasi, maana mgonjwa wa hivi husahau nusu ya anayoambiwa.

Nikaanza kushona dakika 15, kisha napumzika chini ya mwarobaini. Vipimo nikivitaja, binti yangu anaandika. Mume wangu alibadilika kuliko mimi: aliacha kuniuliza "una nini wewe?", akawa anazima redio mwenyewe.

Wiki ya kumi nilishona siku nzima. Yule mama nilimnunulia kitenge kingine.

Karatasi nimeitoa kopi, moja wameibandika vijana wa kijiwe cha boda. Mstari wa juu nimeukoleza kwa kalamu nyekundu: akitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, akipata degedege, akiongea kama mlevi, mkono ukilegea au asiamshike usingizini, hospitali saa hiyo hiyo.