Paradise Lost na kaseti iliyolegea

Kaseti ya Draconian Times, albamu ya bendi ya metali Paradise Lost, ilifika kwetu Busia mwaka 1996, ndani ya lori la kaka yangu. Alikuwa dereva wa masafa, Mombasa hadi Kampala, na aliinunua Nairobi kwa kuvutiwa na picha ya jaladani tu. Mimi nilikuwa na miaka 14. Mtaani kwetu kulipigwa Lingala na kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda, lakini sisi wawili tuliipiga kaseti hiyo mpaka utepe ukalegea. Ilipoliwa na redio niliuchomoa utepe polepole kwa ukucha, nikaukaza upya kwa kalamu ya Bic. Kila nilipofanya hivyo, sauti ya Nick Holmes ilizidi kuwa nzito, ikaburuta. Nikaizoea. Nilipokuja kuusikia muziki ule kwenye simu, miaka mingi baadaye, niliona kama bendi inafukuzwa na mtu.

Ascension, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo albamu yao ya kwanza kunirudisha kwenye ile kaseti iliyolegea.

Hawa ni wazee sasa. Walianza Halifax, Uingereza, mwaka 1988, na hii ni albamu ya 17. Holmes kwenye uimbaji, Gregor Mackintosh na Aaron Aedy kwenye magitaa, Steve Edmondson kwenye besi: ni wale wale tangu mwanzo, wapiga ngoma tu ndio wanaopokezana.

Mashabiki wengi wanasema wamerudi kwenye albamu yao Icon ya 1993. Naelewa. Mwaka 2023 waliirekodi upya Icon nzima kwa kutimiza miaka 30, na Silence Like the Grave, wimbo wa Ascension, ina mwendo ule ule wa kutembea kifua mbele. Lakini mimi sikubali. Kwenye Icon, Holmes ni kijana anayepaza sauti ili asikike. Kwenye Serpent on the Cross, wimbo mwingine wa Ascension, ananguruma, kisha anaimba, na hana haraka na lolote kati ya hayo mawili. Huko si kurudi nyuma. Ni sauti ya mtu aliyekwisha kuzika watu.

Na hapa lazima niitetee Host ya 1999, ile ambayo waliweka magitaa mazito kando wakashika kinanda na mashine. Kaka yangu aliikataa kabisa. Alisema watu hawa wamehama nyumba bila kuaga. Mimi naipenda hadi leo. Bila Host, Holmes asingejua kuimba kwa upole, na Tyrants Serenade isingekuwa na ule uchungu wake. Sirens, kwa kweli, inanipita tu.

Kati ya Obsidian na hii imepita miaka mitano, hawajawahi kutuweka muda mrefu hivyo. Obsidian ilitoka Mei 2020, na kaka yangu aliisikiliza akiwa kwenye foleni ya malori mpakani, madereva wakingoja majibu ya vipimo vya korona. Alikuwa na masikio mawili wakati huo. Sasa la kushoto halisikii tena.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu jioni. Nilijua kwamba akivaa visikizi kama kawaida, kila kilichorekodiwa upande wa kushoto kitampotea, na kwa bendi yenye magitaa mawili huo ni msiba. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikaunganisha pande zote mbili ziwe sauti moja, nikamwekea kisikizi cha kulia. Nikamchagulia Salvation, wimbo mrefu kuliko yote humo, unaokwenda kwa hatua za watu waliobeba jeneza.

Alikaa kwenye kigoda, chai ikapoa mkononi. Gitaa la Mackintosh lilipoanza kulia juu ya mengine, niliona kidole chake gumba kikisugua mdomo wa kikombe, taratibu, kwa mwendo wa ngoma. Wimbo ulipoisha hakukitoa kisikizi.

"Mdogo wangu," akasema, "utepe huu umelegea."

Nikaurudisha mwanzo.